Fyuzi ya Anselmo

Keko Machungwa,
Temeke, Dar es Salaam.
Jumatano, 13 Agosti 2025.

Kwako dada yangu mpendwa Sesilia,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Ni matumaini yangu kwamba karatasi hii inakukuta huko Masasi ukiwa mzima, goti limekuachia walau ufike jumuiya bila fimbo, na mikorosho imeshaanza kutoa maua. Sie huku Keko tunapumua. Wifi yako Flaviana anakusalimu sana, anasema ule unga wa muhogo uliotuma umeisha na kwamba aliyeumaliza ni mie. Ni kweli. Watoto wanakwenda shule. Mie mwenyewe ukiniona utasema Kornelio kanenepa, lakini dada, huu ni unene wa nje tu. Ndani naogopa. Tangu Alhamisi iliyopita naogopa kama mtu anayengoja jina lake liitwe mahakamani.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Simu ninazo mbili, unajua, moja ya kupokea wateja na moja ya kuwakimbia. Lakini kwenye simu mdomo wangu una tabia mbaya: ukiona jambo zito linakuja, unachomoa utani. Si nilikupigia Jumapili? Nikauliza habari za kuku, nikakuhadithia yule mteja aliyeagiza kitanda cha sita kwa sita kisha kikagoma kupita mlangoni kwake, ukacheka mpaka ukakohoa, nikakata. Nilichokupigia sikukisema. Karatasi haicheki, kwa hiyo haitanipa pa kukimbilia. Naomba uisome ukiwa umekaa, uwe peke yako, na ufike mwisho hata kama katikati utatamani kuichana.

Ndani ya bahasha mna vitu viwili zaidi ya barua. Kimoja ni fomu ya Jesca. Kingine ni kidogo, kizito kidogo, kimefungwa kwenye kitambaa cha kanga ya Flaviana. Hicho usikifungue kwanza. Nitakwambia wakati.

Nianze na mtoto wako Jesca. Matokeo ya kidato cha sita unayajua, maana nilikupigia siku ile nikapiga kelele mpaka ukadhani kuna moto. Fizikia A, hesabu A, kemia B. Hiyo B nimeisamehe. Keko nzima niliizunguka kwa miguu kuwaambia mafundi, na wale ambao hawakuniuliza niliwaambia mara mbili. Nikasema akili hiyo ni ya ukoo wa mama, inatokea kwangu mie mjomba. Shomari, yule wa karakana ya makochi jirani yangu, akaniuliza akili hiyo ilipitia wapi kufika kwa mtoto, mbona kidato cha pili ilinikataa. Nikamjibu haikunikataa, tuliachana kwa heshima.

Basi chuo amepata, na kozi ni ile ile aliyokuwa akiitaka tangu yuko mdogo: uhandisi wa umeme. Mwalimu wake wa fizikia, Madam Demetria, Mhaya mmoja mwenye sauti ya kupanga watu foleni, amemtafutia shirika linalowasomesha wasichana waliochagua sayansi. Wanalipia kila kitu, na kila likizo wanampeleka kujifunza kazi kwa wahandisi wanawake. Wanachotaka ni fomu moja ijazwe na mzazi aliye hai, kwa wino, na wanataka karatasi yenyewe, si picha ya simu. Mwisho ni tarehe 25 mwezi huu. Ikipita, nafasi anapewa mwingine, na wamejipanga wengi.

Jesca alikupigia akakueleza yote hayo, nawe ukamkatalia. Sikulaumu, dada. Aliniambia maneno uliyomjibu, na alipokuwa akiniambia alikuwa akimenya viazi, hakuinua uso. Kwamba wewe umeshazika mtu mmoja wa nyaya na hutazika wa pili. Kwamba kama baba yake, fundi wa miaka kumi na mbili, alisahau siku moja tu kuchomoa fyuzi na umeme haukumsamehe, je, yeye mtoto wa kike wa jana? Kwamba akasome unesi au ualimu, kazi ambazo ukisahau kitu unagombezwa, hufi. Alimaliza kumenya, akaosha sufuria, akaenda kulala saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linawaka.

Mie kwa ujanja wangu nikamwambia lete fomu, saini ya mama yako naijua, mkia wa S unakwenda kama mkia wa mjusi, nitaichora hata wewe mwenyewe Sesilia utaapa ni yako. Akanitazama. Akasema hataki kuanza uhandisi kwa uongo, mjomba, maana Madam Demetria kawafundisha kwamba kwenye umeme uongo mdogo unakaa kimya ukutani unangoja mtu. Nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya karakana nikakaa juu ya mbao kwa muda mrefu.

Hapa nikiri dogo kabla ya kubwa. Ulipomleta kidato cha kwanza ukaniambia huyu asishike nyaya, nikakuapia. Sikutimiza. Mwezi wa pili tu alitengeneza pasi ya Flaviana. Nikakuambia anajifunza cherehani, na kweli alikuwa na cherehani, ila alikuwa anaifunga mota. Mie ndiye niliyekuwa nikimletea redio mbovu na feni zilizokufa kutoka kwa wateja. Dada, ungemwona! Mtoto anafungua feni, anapanga skrubu kwenye kifuniko cha ndoo kwa mpangilio wa zilivyotoka, anakaa nayo kama daktari. Feni za kanisani zote tatu kazifufua yeye. Siku ya kwanza zilipozunguka, kwaya iliimba huku karatasi zao za nyimbo zikiruka, na mie nilisimama nikageukia watu nyuma ili wajue mjomba wake ni nani.

Maneno yalikuwepo, sitakuficha. Wamama wa mtaani waliniuliza binti akipanda ngazi na bisibisi mdomoni ataolewa na nani, nguzo? Nikawaambia mie nimetembea, nimefika Lubumbashi, nimefika Pemba ya Msumbiji, na huko nimeona mwanamke kavaa kofia ngumu anaamrisha wanaume ishirini waliokuwa wakifunga jenereta kubwa kama nyumba, na wote ishirini wanaitikia ndiyo mama. Kwamba kichwa hakina sketi. Lubumbashi sikufika, dada, niliishia mpakani. Ila yule mwanamke nilimwona kweli, ndiyo maana namkumbuka.

Sasa Alhamisi. Asubuhi mashine ya randa iligoma. Nina kazi ya mgahawa mmoja Msasani, meza kumi na sita za mninga, meneja wake hataki kusikia habari ya kesho. Jesca akaja na ule mkoba wa vifaa wa baba yake, ambao nimeuhifadhi miaka yote hii. Akapima, akasikiliza, akasema mashine nzima, ubovu uko kwenye waya unaopita juu ya bati kwenda banda la nyuma, nilikoihamishia randa siku hizi, umeliwa na panya. Atapanda.

Unakumbuka ule ubao wa umeme wetu pale mlangoni? Sijaubadilisha. Kila mtu sasa ana vile viswichi vya kisasa, mie bado nina zile fyuzi za kauri nyeupe, za kuchomoa kwa mkono. Jesca akaenda, akachomoa moja, akapima tena kuhakikisha, akaja nilipokaa. Akanishika mkono, akaufungua kiganja, akaiweka ile fyuzi ndani na kukikunja kiganja changu, vidole viwili viwili. Akasema maneno haya, dada, nami nakuandikia kama alivyoyasema: mjomba, huu ndio uhai wangu, ushike mpaka nishuke.

Ni maneno ya marehemu baba yake, Anselmo. Yalikuwa yake, si ya mtu mwingine. Unajua utaratibu wake: hakuiacha fyuzi kwenye ubao wala juu ya meza. Alimpa mtu mmoja ashike, kwa maneno hayo hayo, na kama ni Jumamosi alimpa Jesca. Mtoto wa miaka minane anakaa juu ya ndoo, kakunja ngumi, hacheki na mtu, mpaka baba ashuke aje aifungue ngumi mwenyewe.

Akapanda. Nami nikakaa pale na kile kitu mkononi.

Sijawahi kuogopa vile. Mie nimeshafukuzwa na mbogo Tunduru, nimeshalala mahabusu kwa kosa la mtu mwingine, lakini vile sijawahi. Nilisikia hatua zake juu ya bati, kwa, kwa, kisha kimya. Kila baada ya muda aliita kutoka juu, mjomba upo? Naitika nipo. Fyuzi unayo? Ninayo. Nilibanwa na haja, sikuinuka. Yule meneja wa Msasani akapita kukagua meza zake, akanipa mkono tusalimiane, nikampa wa kushoto. Shomari akaona, akaniuliza tangu lini Mmakonde anasalimia kwa mkono wa kushoto, nimekuwa skauti? Alinisogelea akaona jasho linavyonitoka akadhani ni malaria. Saa nzima, dada. Kiganja kikaota alama ya ile kauri, na hadi leo naiona, au naiona mie tu.

Akashuka salama. Shati lote vumbi la kutu, meno nje. Akaja akanifungua ngumi kidole kimoja kimoja, maana mwenyewe nilishindwa. Kisha ile furaha ikamtoka usoni polepole, akabaki ameitazama fyuzi. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Mjomba, siku ile ilikuwa Jumanne, mie nilikuwa shule. Baba alimpa nani kushika?

Nikasema sijui.

Nikaongeza, kama kawaida yangu, kwamba labda hakumpa mtu, ndiyo maana wakasema kasahau. Akasema baba hakuwahi kupanda bila kumpa mtu. Akasema pia jambo la darasani, kwamba umeme haujirudishi wenyewe, kama waya ulikatiwa umeme na baadaye ukawa nao tena, basi kuna mkono uliourudisha. Hakusema kwa hasira. Akaweka fyuzi mahali pake, randa ikaunguruma, akaniambia asante kwa kushika, mjomba. Tangu siku hiyo ananiamkia, ananiletea chai, anafua shati langu. Hajauliza tena. Na huo ukimya wake ndio unaonila.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mwaka wa kumi na moja, lakini naona hapa ndipo inapoishia.

Dada Sesilia, Anselmo hakusahau.

Aliichomoa fyuzi Jumanne ile kama siku zote. Akanipa mie. Akakunja kiganja changu akasema huu ndio uhai wangu, ushike mpaka nishuke, nami nikamjibu kwa utani kwamba kwangu uhai wako uko benki, shemeji. Akapanda kuunga ule waya wa banda la nyuma. Randa ilikuwa mpya, ina wiki mbili, wakumbuka nilivyokuwa naringa nayo. Akaja mama mmoja na mumewe wanatafuta fundi wa kabati za nyumba nzima. Nikaanza mbwembwe. Nikawaambia Keko hii mafundi wote wanakwangua mbao kama wanakwangua nazi, mwenye mashine ni mie peke yangu. Yule mume akasema maneno matupu, tuone inavyofanya kazi.

Nyundo ya Anselmo ilikuwa imenyamaza. Nikajiambia kashuka nyuma kununua sigara. Sikuita. Kuita jina la mtu ni muda gani? Jesca aliniita mara nne kwa saa moja, akiwa juu ya bati. Mie nilikuwa chini, kivulini, na sikumwita shemeji yangu hata mara moja. Nikarudisha fyuzi, nikawasha. Randa ikalia vizuri sana. Yule mama akapiga makofi. Kishindo cha kule nyuma tulikisikia baada ya hapo.

Watu walipokimbia kutazama, fyuzi ilikuwa mahali pake kwenye ubao, na mtu yuko chini. Kila aliyefika aliona hivyo hivyo. Mmoja akasema maskini, kasahau kuchomoa. Mwingine akaitikia. Wale wateja walishaondoka kwa hofu, nami sikuwaona tena mpaka leo. Wakanigeukia mie. Sikusema ndiyo, dada. Nilitikisa kichwa tu, chini, juu. Nikakuacha ulie juu ya mtu ambaye ulidhani alijiua kwa uzembe, na kijijini kwao wakasema hivyo hivyo kwenye msiba, na mtoto wake akakua akisikia kwamba baba yake alikuwa msahaulifu.

Na kuna lingine baya kuliko hilo. Siku ya arobaini ulinivuta kando, pale penye mpapai wa mama, ukaniambia siri yako. Kwamba asubuhi ile mligombana, akaondoka bila kunywa chai, na chai ilibaki mezani hadi ikafanya utando. Kwamba alisahau kwa sababu wewe ulimvuruga akili. Ulilia ukiniambia wewe ndiye uliyemuua. Nilikuwa na neno moja tu la kukutoa pale, nalo lilikuwa hapa kooni. Nikakupa leso. Dada, nilikupa leso!

Hakuvurugwa. Alifika kazini anapiga mluzi. Alisema yule dada yako ana kisirani leo, nikirudi nimpitishie samaki wa kukaanga. Alifanya kazi yake sawasawa mpaka dakika ya mwisho. Hukumuua wewe, na umeme haukumuonea. Ni mie niliyepewa kushika.

Nimekaa naogopa mambo mengi wiki hii. Polisi naogopa, ila kama utataka niende nitakwenda kwa miguu yangu. Naogopa kwamba hutaniita tena mdogo wako. Naogopa macho ya Jesca, maana leo kabla ya kufunga bahasha hii nitamwita nimwambie yale yale niliyoyaandika hapa, na nitaiacha wazi mezani mpaka niwe nimemwambia, ili nisitoroke. Lakini kuna hofu iliyozizidi zote. Naogopa tarehe 25 ipite, mtoto aende kusomea kazi asiyoitaka kwa sababu ya kosa ambalo baba yake hakulifanya. Nimeshamwondolea baba. Nikimwondolea na hili, dada, nitakuwa nimemmaliza.

Ulisema kama fundi wa miaka kumi na mbili alisahau, mtoto wa kike atafanyaje. Sasa unajua hakusahau. Na huyu mtoto, kabla ya kupanda alipima mara mbili, na juu aliita mara nne. Alipoingia ndani baada ya kazi aliniambia akiwa mhandisi hatamwachia mtu yeyote uhai wake mkononi. Atafunga ubao kwa kufuli na ufunguo atapanda nao mwenyewe. Huko kwa wahandisi ndivyo wanavyofanya, kafundishwa. Nikawaza, laiti Anselmo angekuwa na kufuli badala ya shemeji.

Sasa fungua kile kitambaa.

Ndiyo hiyo. Ni ile ile, sijawahi kuibadilisha. Nimeichomoa leo asubuhi na karakana imezimika. Shomari kanishangaa, kasema fyuzi mpya zimejaa Kariakoo, nina kichaa gani cha kusukuma randa ya mkono kwa meza kumi na sita. Nimemwambia nafanya mazoezi ya tumbo. Mkono umetoka malengelenge mawili na meneja wa Msasani kaniita majina. Umeme hapa sitaurudisha kwa mkono wangu. Jesca kasema akipata nafasi ya kwenda chuo, kabla hajaondoka atang'oa ubao wote na kufunga mpya wenye kufuli. Asipokwenda, basi tutakaa hivi hivi kimya, maana mie sistahili kelele ya ile mashine.

Anayekuletea bahasha ni Mwinshehe, muuza mbao, mnamjua, anapanda basi la kesho na atarudi Dar Jumanne. Mahali pa saini pamewekwa alama ya penseli na Jesca. Sikuombi unisamehe kwenye karatasi hiyo, haina nafasi ya msamaha, nimeitazama. Andika jina lako tu kwa ajili ya mtoto wa Anselmo, umpe Mwinshehe. La kwangu tutalizungumza utakapotaka, au usitake kabisa. Fyuzi usiirudishe. Kaa nayo wewe, ndiye uliyepaswa kupewa tangu siku ile.

Nisalimie mama mkubwa, umwambie mlango wa jiko lake nitakuja kuurekebisha kama bado nitakaribishwa. Wasalimie wanajumuiya wote. Flaviana anauliza goti mnalikanda na nini, hajui ninachoandika, naye nitamwambia leo. Mungu akulinde, dada yangu, na ukimaliza kusoma usikae peke yako, mwite mtu wa kukaa naye.

Ni mimi mdogo wako, niliyepewa kushika,

Kornelio.

Nyongeza: Nimemwambia Jesca. Amekaa juu ya ile ndoo. Kisha kasema niandike hapa chini kwamba baba alipiga mluzi, usije ukaruka mstari huo. Halafu kachukua gundi, kaifunga bahasha yeye mwenyewe.